Matabishi ya Komanda

Nilipofika Butembo nikitoka Eringeti nilikuwa na nyundo, koleo, msumeno mdogo na mke mwenye mimba. Vingine vyote tuliviacha. Kwetu watu walikuwa wamechoka kukimbilia porini na kurudi, kukimbilia na kurudi, na asubuhi moja mke wangu alisema hataki kuzalia katikati ya miti ya kahawa kama mbuzi. Tukafuata njia ya Beni, tukapita Beni bila kukaa, tukaenda mpaka Butembo, kwa sababu binamu yake alikuwa na nyumba ndogo tupu upande wa Rughenda, si mbali na kiwanja cha ndege.

Kazi yangu ilikuwa mabati. Miaka ile ya vita ni wachache waliokuwa wanajenga, lakini karibu kila nyumba ilikuwa inavuja. Askari walipofurahi walipiga risasi hewani, walipokasirika walipiga risasi hewani, na kila risasi iliyopanda ilishuka mahali fulani. Nami nilikuwa na bidoni, dumu la gudroni, ile lami nyeusi ya barabara, na vipande vya jinzi nilivyokata kwenye suruali zilizochakaa. Unapasha gudroni mpaka ilegee, unachovya kitambaa, unakibandika juu ya tundu, unapaka tena. Ikikauka, hata mvua ya Butembo, ile isiyojua kuchoka, haipiti.

Hapo ndipo nilipojifunza mambo ya matabishi. Bei ya kazi ni kitu kimoja. Matabishi ni kingine. Matabishi ni kile mtu anachokuongezea mwishoni akiwa ameridhika, na hakiombwi. Mfanyabiashara wa Butembo atapatana nawe bei kama anayenunua ng'ombe. Atakuambia misumari yako ni mifupi, ngazi yako itamvunjia maua, fundi mwingine wa mtaa wa chini anafanya kwa nusu. Unapanda juu ya nyumba ukiwa umeshachoka. Lakini kazi ikiisha, mtu huyo huyo anamwita mke wake, na mke anatoka na sahani.

Mjane mmoja Mkatoliki ndiye aliyenifundisha zaidi. Bati lake lilikuwa na matundu mengi juu ya chumba cha kulala, akawa anasogeza kitanda kila mvua inaponyesha, mpaka kitanda kikakosa pa kwenda. Nilipomaliza alinilipa kama tulivyopatana. Nikachukua bidoni yangu niende.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, Mama. Kazi imeisha."

"Mutu anapanda juu ya nyumba yangu, anaona hata sufuria zangu kupitia tundu, halafu anapita tu kama mugeni wa njiani? Ingia. Nawa mikono."

Nikaingia na suruali yangu ya gudroni. Alinikalisha kwenye kiti kizuri, kile chenye kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, na alipoona nakaa ukingoni kwa kuogopa kuchafua, alikiondoa kitambaa akakikunja, akasema: "Sasa kaa kama mutu." Nikala bugali, sombe ya majani ya muhogo na kipande cha makayabu, samaki wa chumvi. Nilipotoka akanifungia viazi na powaro, vile vitunguu vya majani marefu, za bustani yake kwenye jani la mgomba. Hakunipa barabarani watu wakiona, wala hakumtuma mtoto. Alinipa mlangoni, kwa mikono yote miwili, nami nikapokea kwa mikono yote miwili. "Wasingya," nikasema. Alifurahi kusikia asante ya Kinande, kwa sababu gudroni ilikuwa imenifanya nifanane na mtu asiye na kabila.

Si kila matabishi yalikuwa mepesi. Mimi ni mtu wa kanisa la Kiprotestanti na sinywi, na wengi waliona fundi hawezi kushukuriwa bila kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mara ya kwanza nilipokataa kikombe, mwenye nyumba, mzee mpole kabisa, alikimwaga chini taratibu, akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo hakunisalimia. Nilimweleza mke wangu. Yeye alizaliwa Vuhovi, katika nyumba ambamo mafundi na wageni walikuwa hawakauki, na mambo haya aliyajua kuliko mimi.

"Haukukataa kasiksi," akasema. "Ulikataa mukono wake. Siku ingine pokea, shukuru, ulete hapa. Kitu ikishafika nyumbani, njo tunaamua."

Basi nikawa napokea. Jumamosi moja mzee wa kanisa letu alinikuta kwenye mteremko nimebeba kidumu kilichokuwa kinanukia kutoka mbali. Akasimama. Akanitazama, akatazama kidumu.

"Ni matabishi, Papa," nikasema. "Napeleka kwa jirani yangu Mukatoliki."

"Na jirani anakupatia nini?"

"Makala ya kupikia."

Alifikiri kidogo. "Funga kifuniko muzuri," akasema, akaendelea na njia yake.

Katika miezi hiyo nilifanya kazi kwa mama mmoja mshonaji. Aliishi peke yake na binti yake mdogo, karibu na soko, na mashini yake ya mkono ndiyo iliyowalisha. Ilikuwa nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika nusu, na kile kishikio cha kuzungushia gurudumu kilikuwa kimevunjika, hivi kwamba alizungusha chuma kitupu kwa kukifunga kitambaa. Nilimzibia paa. Alinilipa, kisha akaleta matabishi: koti dogo la mtoto, la vipande vya rangi nyingi, lililoshonwa vizuri kuliko nguo yoyote niliyokuwa nayo.

"Nilisikia mama yuko na tumbo," akasema. "Huku ni baridi."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na koti hilo kifuani, ndani ya shati. Siwezi kueleza lilivyonigusa. Sisi tulikuwa hatujaandaa hata nepi. Kesho yake nilitafuta kipande cha mkaratusi kilichokauka vizuri, nikakichonga, nikakilainisha kwa chupa iliyovunjika mpaka kikawa kama yai, nikakitoboa katikati, nikaenda kukifunga kwenye mashini yake. Alikizungusha mara kadhaa. Kisha akacheka. "Fundi, hii sasa ni matabishi ya matabishi. Tutamalizia wapi?"

Mtoto wetu wa kike alizaliwa, akavikwa koti lile. Na majuma machache baadaye askari wakapita mtaa wa soko. Sijui nani alikuwa amemkasirisha nani. Waliingia nyumba kwa nyumba, wakabeba walichoweza kubeba: magodoro, redio, mbuzi. Kwa neema ya Mungu hawakuua mtu siku hiyo. Kwa mama mshonaji walichukua mashini. Nilikwenda kumpa pole nikamkuta amekaa mbele ya meza tupu, mkasi uko mkononi, kama anayesubiri mashini irudi kutoka msalani. Kituo cha askari kiliwekwa ng'ambo ya barabara, mbele ya mlango wake, na yeye akapigilia misumari dirisha la upande huo ili asiwaone.

Muda ulipita. Siku moja askari wawili walikuja kwangu.

"Fundi wa mabati njo weye?"

"Njo miye."

"Komanda anakuita. Beba vyombo."

Mke wangu alinishika mkono kidogo, akauacha. Nikaenda.

Komanda alikuwa amekaa katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, nyumba kubwa yenye ghorofa, juu ya kilima. Nilitegemea kumkuta mtu wa kelele. Nilimkuta mtu mwembamba, mwenye kandambili, anakunywa chai yenye maziwa mengi. Kiswahili chake hakikuwa cha kwetu. Kilitoka mbali, na katikati yake aliwaamrisha vijana wake kwa Kilingala. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake. Hakuuliza bei. Nilipoanza kuitaja, alisema, "Tutaona," na mimi nikapanda.

Kazi ilichukua siku kadhaa, maana matundu yalikuwa mengi, na mengine naamini yalitobolewa na vijana wake wenyewe. Alikuwa anatoka uani, anatazama juu, ananiuliza kama nimekula. Siku ya mwisho mvua ilishuka nikiwa bado pale. Aliingia chumbani, akalala kitandani na kandambili zake, akatazama dari. Nilisimama mlangoni nikiomba Mungu moyoni. Hakuna tone lililoshuka.

"Muzuri," akasema. "Muzuri sana. Mimi sina pesa, fundi. Lakini mtu akifanya kazi vizuri simwachi aende mikono mitupu."

Akaita askari. Askari akaingia katika depo, ghala la vitu vyao, akatoka na mashini ya kushona, akaiweka miguuni pangu.

Nilikiona kishikio kabla ya kuiona mashini. Kile kiyai cha mkaratusi, kimeng'aa zaidi kwa mafuta ya mkono wa mama yule. Kukataa mbele ya mtu mwenye bunduki, matabishi aliyotoa mwenyewe, tena mbele ya vijana wake? Nikakumbuka mzee yule na kikombe chake, na huyu hakuwa mzee mpole. Nikainama, nikaipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, Komanda."

"Mke wako anajua kushona?"

"Atajifunza."

Nikaibeba begani, nikashuka kilima. Mashini ya chuma ni nzito, lakini uzito niliousikia ulitoka kwa watu waliokuwa wanapanda. Waliona natoka kwa komanda nimebeba kitu cha thamani. Wengine walinisalimia kwa heshima mpya iliyoniuma. Mwanamke mmoja niliyewahi kumzibia jiko aliitazama mashini, akanitazama mimi, akavuka barabara.

Mke wangu alikuwa ananyonyesha. Hakuuliza ilitoka wapi. Alinyoosha kidole, akagusa kishikio.

"Hii si ya mama mushonaji?"

"Ni yake."

"Donc kesho unarudisha."

"Na askari wako mbele ya mulango wake? Wakiona mashini imerudi, watauliza nani aliirudisha. Komanda atajua nilitupa zawadi yake."

Alimhamisha mtoto upande mwingine. "Basi hapana peleka mashini. Peleka habari."

Asubuhi nikaenda mikono mitupu. Mama mshonaji alikuwa anachagua maharagi kwenye ungo. Nilikaa karibu, nikamweleza polepole, sauti chini, na macho yangu yakiwa mlangoni. Vidole vyake viliendelea kuchagua.

"Kile kipande cha muti kingali?" akauliza.

"Kingali, Mama."

Akaweka ungo chini, akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia, kisha nikaona mabega yanacheka. Naamini yalikuwa yote mawili. Alipojifunua alikuwa amekwisha kufikiri.

"Hapa hapana rudi," akasema. "Askari bataisikia. Mashini yangu iko na kelele. Nitakuya kwenu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi alitoka nyumbani na kikapu na binti yake, kama anayekwenda kununua mboga, akazunguka nyuma ya kanisa, akatokea kwetu. Tulimpa chumba cha mbele, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na mwanga. Alishona sare za shule, maana hata katika vita ile wazazi wa Butembo walipeleka watoto shuleni na walitaka wawe na kola iliyonyooka. Watu walidhani mashini ni yangu na yeye ni mfanyakazi wangu. Jambo hilo lilinikera, lakini yeye lilimfurahisha. Mteja akiingia alisema kwa sauti, "Ngoja niulize patron," kisha anakuja jikoni na kuniuliza kama chai imeiva.

Basi siku moja, mchana wa jua, gari lilisimama barabarani. Komanda mwenyewe aliingia uani na askari mmoja, suruali mpya iko mkononi. Alikuwa amesikia kwamba mashini yake inafanya kazi.

Mama mshonaji alisimamisha gurudumu. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni, alisema kabla mtu hajauliza: "Huyu ni dada yangu mukubwa, Komanda. Wa Vuhovi. Njo anajua kushona."

"Vizuri," akasema komanda. Akaingia, akasimama juu ya mashini, akaweka kidole kwenye kile kishikio. "Hiki kiliwekwa na nani?"

"Ni miye," nikasema. Na ilikuwa kweli.

"Naona umeshaitengeneza. Wewe ni fundi." Akampa mama suruali. "Ndefu. Ipunguze."

Mama alipiga magoti, akaipima kwenye miguu ya komanda, akaikunja, akaweka pini. Nilitazama mikono yake. Kila pini ilikaa mahali pake. Sura yake ilikuwa ileile aliyokuwa nayo akipima kijana wa shule. Komanda alikaa nje kwenye benchi, mke wangu akampelekea chai, akaomba maziwa, hatukuwa nayo, akainywa hivyo hivyo. Alimtazama mtoto, akauliza jina lake, akasema yeye pia anaye mmoja wa umri huo, mbali, ambaye hajamwona. Kisha sote tukasikiliza mashini.

Suruali ilipokuwa tayari aliishika, akaitazama mishono, akaridhika. Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha sabuni, akakiweka mezani.

"Matabishi ya mama," akasema.

Mama mshonaji aliitazama sabuni bila kuigusa. Nilimwona anavuta pumzi, nikajua atasema, nikatamani asiseme.

"Aksanti, Papa," akasema, kwa upole kabisa. "Mais matabishi ni ya kuongeza. Suruali hapana lipwa bado."

Yule askari aligeuka. Mke wangu alirudi nyuma na mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya mlango na meza, na sikuwa na cha kufanya na mikono yangu. Komanda alimtazama yule mama aliyekuwa bado amekaa, kidole gumba kiko juu ya kile kiyai cha mti. Sijui aliona nini. Labda alimwona dada yake mwenyewe, aliyeko mahali fulani. Alicheka kidogo, puani.

"Ni bei gani?"

Mama akamtajia bei, ileile ya kila mtu. Komanda akamwashiria askari, askari akatoa pesa kwenye shati lake kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino, akalipa. Ndipo mama akachukua sabuni kwa mikono miwili, akaigusisha kifuani. "Aksanti. Sasa nimepokea."

Komanda alipofika uani aligeuka kwangu. "Na wewe, fundi. Paa nililipa?"

"Ulinipatia mashini, Komanda."

"Kumbe ile ilikuwa ya kuongeza." Akafikiri. "Nitatuma."

Hakutuma kamwe. Lakini gari lilipoondoka sote tulikaa chini palepale tulipokuwa, mke wangu kwenye kizingiti, mimi sakafuni, na mama mshonaji akalaza kichwa juu ya mashini mpaka binti yake akamkumbatia. Alipoinua kichwa aliomba uzi, akaikata sabuni vipande viwili, akampa mke wangu kimoja. Nikamuuliza kwa nini alisema vile, komanda angeweza kutuua.

"Nilichoka, fundi," akajibu. "Nilichoka kushukuru."

Askari wa kilimani waliondoka bila kuaga. Asubuhi moja magari yao yalipita kuelekea kaskazini, njia ya Beni, na mchana kituo cha mbele ya mlango wa mama mshonaji kilikuwa kitupu, kina majivu na makopo tu. Tulingoja kidogo kuona kama watarudi. Walikuja wengine, lakini hao walikaa mahali pengine. Mwenye ile nyumba ya ghorofa alirudi, akaniita kuniuliza nani alimzibia paa, akanisifu, akakataa kabisa kunilipa kwa kazi ambayo hakuiagiza. Sikumlaumu.

Nikaazima chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Tukaifunga mashini juu yake bila kuifunika, na tukaisukuma mchana, katikati ya barabara, mama mshonaji akitembea mbele. Watu walitoka kwenye maduka. Yule mwanamke aliyewahi kuvuka barabara kunikwepa alikuwa kwenye meza yake ya chumvi. Alitazama mashini, akamtazama mwenye mashini, akaja kusukuma nasi upande wa nyuma, ingawa pale palikuwa tambarare.

Tulipoingia ndani kulikuwa giza. Mama aliweka mashini mezani, akageuka, akaonyesha dirisha.

"Misumari hii," akasema, "unaitoa kwa bei gani?"

"Mama, hii si kazi. Natoa tu."

"Hapana. Tupatane kwanza."

Tukapatana. Alinivuta bei kama mfanyabiashara yeyote wa Butembo, akasema misumari yenyewe ni yake na nitaondoka nayo, na kwamba koleo langu lina kutu. Nikapunguza. Nikang'oa misumari mmoja baada ya mwingine, nikasukuma ubao, na mwanga wa barabara ukaingia mpaka kwenye ukuta wa mbali. Akanilipa mkononi. Wakati huo mke wangu alikuwa anafika na mtoto, na binti wa nyumba alikuwa ameshaleta maji ya kunawa, kwa sababu bugali ilikuwa imeiva na maharagi yalikuwa na chumvi ya kutosha.